Shika Chini, Finya Juu

Nimegombana na watu kwa sababu nyingi katika maisha yangu: maji ya bomba, zamu ya kufagia uwanja, mtu aliyenipita kwenye mstari wa mkate. Lakini sikuwahi kufikiri kwamba siku moja ningepandisha sauti mbele ya mkubwa wangu wa kazi kwa ajili ya alama ya kujumlisha. Nilipandisha. Na nikirudishwa pale pale leo, nitapandisha tena.

Kazi yangu ni kuangalia kompyuta za maabara moja ya kupima madini hapa Kolwezi. Wafanyabiashara wanatuletea unga wa mawe katika vifuko vya plastiki, mwingine ametoka nao Mutoshi, mwingine Tenke, nasi tunawaambia mawe yao yana shaba kiasi gani na kobalti kiasi gani. Bei yote inatokana na jibu letu. Kwa hiyo kifuko kikiingia kwenye dirisha la mapokezi lazima kiandikwe mara moja tu, kwa namba yake, kisha kiende ndani.

Kwenye dirisha hilo alikaa mama mmoja wa rika la mama yangu mdogo. Mdomo wake hauna breki. Mfanyabiashara akija amevaa koti, yeye anamwambia, "Tata, harusi ni ya nani?" na mstari mzima unacheka, hata yule mwenye koti. Kabla ya dirisha alifanya kazi miaka mingi kwenye chumba cha kusagia mawe, kule ambako vumbi linaingia mpaka ndani ya mkate uliofungwa kwenye karatasi. Kifua kikaanza kumbana. Kwenye kwaya ya kanisa lao alikuwa anaimba sauti ya kwanza. Ikafika mahali wakamhamishia mstari wa nyuma, akawa anafungua mdomo tu bila kutoa kitu. Daktari akasema vumbi basi, ndipo akapewa dirisha. Akiwa dirishani kifua kilianza kufunguka. Nilimsikia siku moja anaimba kidogo, peke yake, akiwa anapanga vifuko, nikafurahi kama ni mimi niliyepona.

Halafu ikaja programu mpya.

Zamani aliandika kwa kalamu na hakukosea. Programu ilipokuja, ilikuja na kitabu chake cha maelezo, kizuri, karatasi zinang'aa, na kazi yangu ilikuwa kukitia katika Kiswahili chetu kwa ajili ya watu wa mapokezi. Nikakitia. Lakini vifungo niliviacha jinsi vilivyokuwa, kwa sababu shefu, mkubwa wetu wa kazi, alisema visiguswe: kuhifadhi ni Ctrl+S, kutoa lebo ni Ctrl+Maj+P, Maj ikiwa kile kifungo cha herufi kubwa, na kuendelea. Dunia nzima inaandika hivyo, alisema.

Juma la kwanza tu, zikaanza kuonekana sampuli za ajabu. Kwenye orodha ya kompyuta, kati ya kifuko cha huyu na kifuko cha yule, kuna mstari hauna mwenye mali, hauna uzito, hauna chochote ila herufi moja: S. Leo S, kesho S nyingine. Watu wa ndani wakaanza kuziita "batoto ba mama", watoto wa mama. Mwanzoni ilikuwa mzaha.

Shefu hakucheka. Shefu wetu ni mtu wa Lubumbashi, msafi, anapenda kila kitu kikae mahali pake, na si mtu mbaya. Alituita wote wawili ofisini.

"Mama, hizi S zinatoka wapi?"

"Mi sijue, shefu. Mi naandika, kisha nafinya vile kitabu inasema."

"Mustari mutupu ni mulango wazi," shefu akasema. "Leo iko mutupu. Kesho mutu anaweka jina yake pale, anapata majibu ya mawe ya mwenzake. Unaelewa batu batasema nini juu yetu?"

Mama alielewa. Sote tulielewa. Hapa kwetu, mtu akishukiwa kuchezea sampuli, jina lake limekwisha, asitafute kazi tena kwenye maabara yoyote. Alisimama pale ameshika mkanda wa kikapu chake.

"Mi sisemi unaiba," shefu akaendelea, akashusha sauti. "Lakini Ijumaa ya juma inayokuja tunapokea mizigo mikubwa. Nikikuta S hata moja kwenye orodha ya Ijumaa, utarudia kule kwa kusaga. Sina kiti ingine."

Nikamwambia, "Shefu, kule atakufa."

"Mi si munganga. Mi niko na dirisha moja, na dirisha inapaswa kuwa safi."

Tulipotoka, mama alikaa kwenye ngazi akakohoa, sijui ni kifua au ni woga. Nikamwambia hatarudi kule. Nilisema hivyo kwa hasira, sikuwa na mpango wowote, lakini nikishasema kitu kwa hasira huwa sikirudishi.

Kesho yake nikaburuta kiti nikakaa nyuma yake. Nikamwambia afanye kazi kama siko. Kikaja kifuko. Akaandika jina, namba, uzito, vizuri kabisa, kidole kimoja kimoja. Kisha akafungua kitabu, akaweka kidole cha kushoto kwenye mstari, akasoma, na akafinya. Akafinya Ctrl, akaiachilia. Akaenda mpaka upande wa kuume wa kibodi, kwenye ile alama kubwa ya kujumlisha, akaifinya. Akarudi akafinya S. Kwenye programu ile, alama ya kujumlisha inafungua mstari mpya. Basi ukafunguka, na S ikaingia ndani yake. Mtoto wa mama akazaliwa mbele ya macho yangu.

"Mama," nikasema, "hii ya katikati unaifinya kwa nini?"

Akanigeukia kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa viatu. "Si imeandikwa?"

Kisha akatoa simu yake mfukoni kunionyesha. Anapoweka vocha, anafinya nyota, anafinya namba, anafinya nyota tena, anamalizia na ile alama ya mistari minne. Ukiruka alama moja, pesa haiingii. Kila mtu Kolwezi anajua hivyo, tumefundishwa na simu zetu: kila alama iliyoandikwa inafinywa, kwa zamu yake, bila kuruka hata moja. Mimi mwenyewe asubuhi ile nilikuwa nimeweka vocha hivyo hivyo. Ni shule tu ndiyo iliyoniambia kwamba kwenye kompyuta ule msalaba wa kujumlisha haufinywi.

"Huo usifinye," nikamwambia. "Huo unasema tu pamoja."

"Aka! Unataka niruke musalaba?" akasema, na tukacheka, lilikuwa cheko la kwanza tangu ofisi ya shefu.

Nikamfundisha kwa mkono. Ctrl unaishika, huiachilii, halafu S. Nikiwa karibu alifanya vizuri. Nikiondoka kwenda kutengeneza mashini nyingine, narudi nakuta S imezaliwa. Nikamuuliza kulikoni, akasema alisahau maneno yangu, akafungua kitabu kukumbuka, na kitabu kikamwambia msalaba. Tena si kitabu tu. Kwenye kioo cha kompyuta penyewe, ukifungua menyu, pembeni ya neno Hifadhi imeandikwa Ctrl+S.

"Weye unasema hivi, mashini inasema vile," aliniambia. "Weye unatembea, mashini iko hapa. Mi nitasikia nani?"

Hapo nikaelewa kwamba nisihangaike na mama. Nihangaike na maandishi. Kama mtu anasoma kilichoandikwa na kukifanya kama kilivyo, na bado anakosea, basi kibaya ni kilichoandikwa.

Nikatoa alama ya kujumlisha kwenye nakala yake, nikaweka kistari: Ctrl-S. Nilijiona mjanja. Asubuhi ile ile akafinya kistari, na kwenye programu yetu kistari kinafuta mstari wa mwisho. Kifuko cha mtu kikapotea kwenye orodha huku mwenyewe amesimama dirishani na lebo mkononi. Nilikirudisha upesi, maana S ni aibu, kifuko kupotea ni kesi. Nikajaribu neno: Ctrl na S. Akafinya Ctrl, akaachilia, akafinya S, na S ikajiandika mwishoni mwa jina la mteja. Kweli, "na" haisemi kama ni pamoja au ni moja baada ya nyingine. Nikaviunganisha bila kitu katikati. Nilimkuta ameinamia kibodi na miwani, anatafuta kifungo kinachoitwa CtrlS.

"Hii kifungo yako iko wapi, mwanangu? Nilizunguka kibodi yote."

Wee! Nilitoka nje nikapiga teke ndoo tupu ya mlinzi. Mlinzi akaniangalia, nikaiokota nikairudisha.

Jumapili nilikuwa nyumbani napika bukari, ugali wetu. Umeme haukuwepo, kwa hiyo ilikuwa mbabula, jiko la makaa, na mbabula yangu ina mguu mmoja mfupi, sufuria haitulii. Unga ulishakuwa mzito. Mkono wa kushoto nimeshika sufuria kwa kitambaa, wa kuume navuruga na mwiko, na kichwani naendelea kugombana na kile kistari. Mume wangu akaniita kutoka sebuleni, nikageuka kumjibu na kuachilia kitambaa. Sufuria ikazunguka pamoja na mwiko, nusu ya bukari ikaenda kwenye makaa.

Nilianza kutukana, halafu nikaliacha tusi katikati, nikaiangalia ile sufuria.

Hakuna mama Katanga hii asiyejua jambo hili. Mkono mmoja unashika chini, haufanyi kitu kingine, unashika tu. Mkono wa pili unafanya kazi juu. Ukiachilia wa chini kabla ya wakati, umeharibu. Na hakuna anayekuuliza uanze na upi, kwa sababu huwezi kuvuruga sufuria ambayo hujaishika. Ctrl ni sufuria. S ni mwiko. Tuseme hivyo, basi, tuandike hivyo. Tulikula mkate siku ile, na mume wangu mpaka leo hajui alinisaidia nini.

Jumatatu nilifika kazini na karatasi. Nilichora kibox kipana chini, nikaandika ndani yake Ctrl, na juu yake kibox kidogo, S. Pembeni maneno manne: shika chini, finya juu. Kwa ile lebo, sufuria ni mbili: Ctrl na Maj zimekaa chini bega kwa bega, P iko juu. Na mahali ambapo kweli vifungo vinafuatana, kwa mfano F2 halafu Entrée, sikukipandisha kimoja juu ya kingine. Nikaviandika kimoja kwenye mstari wake, kingine mstari wa chini yake, na neno "kisha" kati yao. Pamoja ni kibox juu ya kibox. Kufuatana ni "kisha". Sikutumia alama nyingine yoyote. Sikuweka hata nukta, maana nilishajua kwamba nukta nayo ingefinywa.

Ilibaki menyu. Kwenye menyu huwezi kuchora kibox juu ya kibox, mstari ni mmoja. Pale nilitumia maneno: Hifadhi, halafu pembeni, shika Ctrl finya S. Programu ile ina faili la maneno yake ambalo tunaruhusiwa kulitafsiri, na maandishi ya vifungo yamo humo humo. Nilitaka kioo na karatasi viseme kitu kimoja, kwa kauli moja, mama asichague tena amsikie nani.

Shefu aliona menyu kabla sijamwambia. Akaja mpaka mezani kwangu.

"Hii ni nini? Shika? Finya? Tuko kwa jikoni?"

"Ndiyo, shefu."

"Batu ba makampuni makubwa bakikuja kutembelea, bataona hii kwa kioo, batasema sisi ni batu ba namna gani? Dunia yote inaandika Ctrl plus S. Weye ni nani?"

Hapo ndipo nilipopandisha sauti. Nilisimama. "Dunia yote haiko kwa dirisha letu, shefu! Kwa dirisha iko mama mumoja. Dunia haitarudia kwa kusaga mawe Ijumaa, ni yeye. Kama bageni batacheka, bacheke, bataenda kwabo. Hii mustari nitaiondosha siku S itaonekana. Mbele ya ile siku, siiondoshi."

Watu wa ndani wakaacha kazi kusikiliza. Nilijua kwamba ananiweza: neno moja tu, narudi nyumbani kupika bukari kila siku. Shefu alikiangalia kioo, akaniangalia mimi, akakiangalia tena kioo.

"Itabaki mpaka Ijumaa," akasema. "Ikiharibika, mutabeba wawili."

"Tutabeba," nikasema. Nikakaa chini.

Nilibandika karatasi ukutani mbele ya macho ya mama, nikamwambia neno moja tu: sufuria. Aliiangalia, kichwa amekilaza upande. Kisha akaweka mkono wa kushoto wote kwenye kona ya kibodi, kiganja na vidole, akaegemea, na kwa mkono wa kuume akafinya S, akasukuma kidogo mbele kama anayegeuza unga. Mstari ukahifadhiwa. Hakuna kilichozaliwa.

"Ndiyo hii tu?" akaniuliza.

"Ndiyo hii tu, mama."

"Na mulinisumbua na musalaba siku zote hizi!" Akaanza kunicheka, akanicheka mpaka kikohozi kikamjia, na hata kwenye kikohozi aliendelea kucheka.

Siku zilizobaki alifanya peke yake. Sikukaa nyuma yake. Nilipita tu mbele ya dirisha mara nyingi kuliko kazi yangu ilivyohitaji.

Ijumaa malori yalikuja tangu asubuhi, mstari ukafika mpaka kwenye geti. Shefu aliweka kiti chake nyuma ya mama, akakunja mikono. Mimi nilisimama pembeni, nimebana mikono yangu kwapani ili isije ikamwelekeza. Mama hakumtania mtu hata mmoja siku ile. Kijana wa koti jekundu alipita dirishani na mama akachukua kifuko chake bila neno, nikajua jinsi anavyoogopa. Jina, namba, uzito. Midomo yake ilikuwa ikisogea: shika, finya. Kibodi ilikuwa inapinda kwenye ile kona kwa jinsi alivyoiegemea. Kila alipomaliza kifuko, aliachilia, akapangusa kiganja kwenye kitenge, akaanza kingine. Mara moja, katikati ya mchana, kidole chake kilinyanyuka kikaenda upande wa kuume, kuelekea ile alama kubwa. Kikasimama hewani. Akaangalia ukuta. Kikarudi.

Jioni dirisha lilifungwa. Shefu akaja kwenye kompyuta yangu, akafungua orodha, akaenda rafuni akahesabu vifuko kwa mkono wake, akarudi akahesabu mistari. Akarudia tena toka mwanzo, hakuamini au hakutaka kuamini, sijui. Kisha akatafuta S iliyo peke yake. Hakuna.

"Iko sawa," akasema. Akavuta koti lake, akasimama mbele ya mama. "Mama, kiti ni yako." Akafika mlangoni, akageukia mimi. "Na ile mambo ya jikoni, iache kwa kioo."

Akaenda. Nilitaka kuruka. Nikamwendea mama nikamkuta hajasogea. Amekaa wima kwenye kiti, mkono wa kuume uko mapajani, lakini wa kushoto bado uko kwenye kona ya kibodi, umebana Ctrl mpaka kucha zimekuwa nyeupe.

"Mama, ilikwisha. Ulimusikia shefu?"

"Nilimusikia."

"Sasa mbona mukono?"

Alinyoosha kidevu kuelekea ukutani. "Karatasi yako inasema nishike. Haisemi niachilie saa gani."

Nikaangalia karatasi. Ilikuwa kweli. Shika chini, finya juu, basi. Siku nzima alikuwa akiachilia kwa sababu kulikuwa na kifuko kingine cha kuandika; cha mwisho hakikuwa na kinachofuata, na siku ile, kwa ajili ya kile kiti, hakutaka kuachilia Ctrl kwa kubahatisha. Nilicheka, halafu nikaona siwezi kuendelea kucheka, machozi yakanijia, nikainama nikaweka mkono wangu juu ya wake.

"Achilia, mama. Bukari imeiva."

Akanyanyua vidole kimoja kimoja. Akangoja kidogo, anakiangalia kioo, kama kuna kitu kitazaliwa. Hakikuzaliwa kitu. Ndipo akavuta pumzi, ndefu, mpaka chini kabisa, na haikukatika njiani. Akachukua kikapu chake, akazima taa ya dirisha, na alipofika kwenye korido nikamsikia anaimba, sauti ya kwanza.